Wati Tano Kutoka Annexe: Kuunda Redio Ndogo ya Mawasiliano na Kuitafutia Hitilafu

Mazungumzo ya leo, kwa wakazi wa komuni ya Annexe inayolizunguka jiji la Lubumbashi, yanahusu redio, na hasa redio inayopokea na kutuma katika chombo kimoja, ambayo mafundi huiita transiva, tena ile ndogo inayouzwa ikiwa vipuri vitupu ndani ya bahasha, pamoja na bodi tupu na maelekezo, ili mnunuzi aiunde kwa mikono yake mwenyewe. Swali la kuanzia ni hili: kwa nini mtu mwenye simu mfukoni ahangaike kulehemu vipuri mia moja au zaidi juu ya bodi isiyozidi kiganja cha mkono? Jibu linalotetewa katika mazungumzo haya ni kwamba faida kubwa ya kazi hiyo ni kujifunza kutafuta hitilafu kwa utaratibu, hatua baada ya hatua, na kwamba fundi aliyekwisha kuizoea redio ya wati 5 anaweza kuifungua redio kubwa zaidi bila kubahatisha.

Katika eneo hili la Katanga kazi ya redio ina wazee wake. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wabelgiji chini ya Robert Goldschmidt walijenga mlolongo wa vituo vya mawasiliano yasiyo na waya kutoka Banana, kwenye mwambao wa Atlantiki, hadi Élisabethville, ambayo ndiyo Lubumbashi ya leo, na ujumbe ukawa unapokezanwa kutoka kituo hadi kituo kwa alama za Morse, yaani nukta na vistari vinavyosimama badala ya herufi. Miaka mingi baadaye ikaja phonie, redio ya njia mbili ya mawimbi mafupi, ambayo misioni, nyumba za biashara na mashirika ya misaada yameitumia kupeleka habari za wagonjwa, mizigo na misiba hadi vijiji ambavyo minara ya simu haijavifikia. Msikilizaji aliyewahi kusimama karibu na phonie anaijua ile sauti inayopanda na kushuka, na neno "over" linalofunga kila sentensi. Si ajabu, hata hivyo, kuikuta phonie imelala rafuni miaka na miaka kwa sababu ya waya ulioachia au fyuzi iliyoungua, kwa kuwa hakuna anayethubutu kuufungua mfuniko wake. Ndani ya mfuniko huo kuna hatua zile zile zilizomo katika transiva ndogo, ila zimekuzwa.

Transiva ndogo inayozungumziwa hapa ni ya watu wa redio ya ridhaa, yaani wale wanaowasiliana kwa redio kwa ajili ya kujifunza na urafiki, bila malipo na bila biashara, ambao kwa Kifaransa huitwa radioamateurs. Dunia nzima imewatengea vipande vya masafa, na masafa ni idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, inayohesabiwa kwa megahezi. Kipande kinachofaa sana kwa mwanafunzi wa Annexe huanza megahezi 7 na kuishia megahezi 7.2, kwa sababu mchana wimbi lake hupanda, likaakisiwa na tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, likarudi chini Likasi, Kolwezi au ng'ambo ya mpaka Zambia, na usiku likafika mbali zaidi.

Je, wati 5 zinatosha? Swali hili huulizwa na kila mtu, na inafaa lijibiwe kwa hesabu nyepesi. Phonie ya kawaida hutuma kwa takriban wati 100. Katika mizani ambayo waendeshaji wa redio huitumia kupima nguvu ya sauti inayopokelewa, kushuka hatua moja kunahitaji nguvu ya kutuma igawanywe kwa nne. Wati 100 zikigawanywa kwa nne zinabaki 25, na 25 zikigawanywa kwa nne zinabaki 6 na ushei. Maana yake ni kwamba redio ya wati 5 husikika hatua mbili na kidogo tu chini ya ile ya wati 100, katika mizani yenye hatua tisa. Tofauti ipo na hakuna haja ya kuificha, lakini ni ndogo kuliko namba 5 na 100 zinavyomtisha msikilizaji, na betri ya pikipiki inaitosha redio hiyo jioni nzima.

Kuhusu redio ipi ichaguliwe, maoni ya mazungumzo haya yako wazi. Ile iitwayo Pixie, iliyo rahisi kuliko zote, inayotumia transista moja kutuma na hiyo hiyo kuchanganya mawimbi wakati wa kupokea, haifai kuwa ya kwanza, ingawa bei yake inashawishi. Usiku vituo vikubwa vya matangazo vilivyo jirani na megahezi 7.2 huimwagikia vyote kwa pamoja, na mwanafunzi hajui kama ameharibu kitu au ndivyo ilivyozaliwa. Iliyo bora zaidi kwa kujifunzia ni QCX ya Hans Summers, iliyobuniwa kwa ajili ya kambi ya vijana wa redio ya ridhaa nchini Uingereza mwaka 2017, yenye kutuma alama za Morse kwa wati 3 hadi 5 kulingana na volti za betri, na ambayo ndani yake mna vipimo vyake yenyewe: inaweza kupima volti, kuhesabu masafa na kujitolea wimbi la kujirekebishia. Kwa mtu asiye na karakana, hilo ni jambo kubwa. Anayetaka kusema kwa sauti, kama katika phonie, atazitazama redio za Ashhar Farhan wa Hyderabad, India, ambaye BITX yake ya mwanzo ilikusudiwa iundwe kwa vitu vinavyopatikana mtaani, hata koili, yaani mizunguko ya waya, zikasukwa juu ya vile vipete vya plastiki vinavyozuia bomba la maji lisivuje.

Fikra hiyo ya Farhan inastahili kutazamwa kwa makini hapa Lubumbashi. Vipete vya bomba vinauzwa katika kila kibanda cha vifaa vya maji. Waya mwembamba wa shaba uliopakwa varnishi hupatikana kwa mafundi wanaosuka upya mota zilizoungua, na mota ya feni iliyotupwa ina waya wa kutosha redio kadhaa. Katika mji uliojengwa juu ya shaba ni kichekesho kidogo kwamba waya huo hutafutwa ndani ya feni kuukuu, lakini ndivyo mambo yalivyo. Kisichopatikana kwa urahisi ni saketi jumuishi, yaani vile vidude vyeusi vyenye miguu mingi, na transista za kutuma. Vitu hivyo huagizwa, na mwenye busara huagiza vya akiba.

Sasa ifikiwe kazi yenyewe. Kanuni ya kwanza ni kuunda kwa hatua na kupima kila hatua kabla ya kuanza nyingine. Fundi analehemu sehemu ya umeme kwanza: tundu la betri, dayodi ya kuilinda redio betri ikifungwa kinyume, na kipunguza volti kinachotoa volti 5. Anapima. Kama volti 5 hazipo, hakuna sababu ya kuendelea. Kisha sehemu ya sauti, kisha sehemu inayotengeneza wimbi, na mwisho kabisa sehemu ya kutuma. Kanuni hii inarudiwa kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo inayovunjwa mara nyingi zaidi: hatua moja, kipimo kimoja. Anayelehemu vyote usiku mmoja na kuwasha asubuhi huwa na makosa matatu yanayofichana, na kosa moja hulifunika jingine.

Mara ya kwanza ya kuwasha ina hila yake, ambayo ni nafuu na haichoshi kupendekezwa. Kati ya betri na redio hufungwa balbu ndogo ya nyuma ya pikipiki, ya volti 12 na wati 5, kwa namna ambayo umeme wote lazima upite ndani yake. Ikiwa mahali fulani lehemu imeunganisha nyaya mbili zisizopaswa kugusana, balbu itawaka kwa nguvu zake zote na redio itanusurika, kwa sababu balbu imeuzuia umeme usizidi kipimo. Ikiwa mambo ni mema, balbu haitawaka, au itaonesha wekundu hafifu tu. Redio ikiwa imekubali kuwaka hivyo, balbu huondolewa na fyuzi ndogo huwekwa mahali pake.

Je, redio isipowaka, au ikiwaka bila kusikia kitu, lawama iende wapi? Mwanafunzi hukimbilia kuilaumu saketi jumuishi, akaing'oa, na katika kuing'oa akaichuna bodi. Ukweli ni kwamba vipuri vipya vibovu ni vichache, na hitilafu nyingi hutoka mikononi mwa mwundaji: lehemu iliyopoa kabla ya kushika, kapasita iliyogeuzwa, rezista mbili zilizobadilishana nafasi kwa sababu rangi zao zilisomwa kwa mwanga wa koroboi, na juu ya yote hayo, waya wa koili ambao varnishi yake haikuondolewa.

Hapa inafaa kutua kidogo, kwa maana koili ndiyo inayowashinda wengi. Waya wa shaba wa koili unaonekana kama shaba tupu, lakini umefunikwa na varnishi nyembamba isiyopitisha umeme, ili mizunguko yake isigusane. Fundi anausuka kupitia tundu la kipete, akihesabu kila mpito wa ndani ya tundu kuwa mzunguko mmoja, hata ule wa kwanza unaoonekana kama haujazunguka chochote. Kisha anaingiza ncha kwenye bodi na kulehemu. Lehemu inang'aa, inatazamika vizuri, lakini imeuzingira waya bila kuushika. Dawa yake ni kuukwangua waya kwa wembe pande zote, au kuushikilia ndani ya tone la lehemu yenye moto sana kwenye ncha ya pasi ya kulehemu mpaka moshi mwembamba utoke na ncha igeuke kuwa ya rangi ya fedha, kisha ndipo iingizwe kwenye bodi. Baada ya hapo multimita, yaani kipimo cha umeme, huwekwa kwenye kipimo cha omu, na mikono yake miwili huguswa upande wa pili wa bodi, kwenye mistari ya shaba inayoondoka kwenye koili, wala si kwenye lehemu yenyewe. Kipimo kikikaribia sifuri, waya umeshika. Kikikaa wazi, pasi inarudi. Katika QCX kuna koili moja yenye misuko minne juu ya kipete kimoja, na hiyo peke yake ina ncha nane za kukwanguliwa.

Baada ya koili, njia ya kulitafuta kosa katika upande wa kupokea ni kuanzia masikioni na kurudi nyuma kuelekea antena, kama fundi wa maji anayeanzia kwenye bomba kavu jikoni na kulifuata hadi kwenye tangi. Fundi anavaa spika za masikioni na kugusa kwa bisibisi mguu wa kuingilia wa kikuza sauti. Akisikia mgurumo, sehemu ya sauti ni nzima na kosa liko mbele zaidi kuelekea antena. Asiposikia kitu, anapima volti. Katika vipokezi vingi vidogo vinavyotumia saketi jumuishi iitwayo LM386, mguu wa 5, ambao ndio wa kutolea sauti, unapaswa kukaa kwenye nusu ya volti za kipuri hicho, yaani karibu na volti 6 kwa betri ya 12. Ukikaa kwenye sifuri au ukipanda hadi juu kabisa, kipuri hicho au kilichofungwa kwake kina kasoro.

Sehemu inayotengeneza wimbi haihitaji chombo cha gharama kuithibitisha. Redio ya kawaida ya nyumbani yenye mawimbi mafupi, pengine hii hii inayopokea mazungumzo haya, huwekwa kando ya bodi na kurekebishwa karibu na megahezi 7. Transiva inapowashwa na kuzimwa, mvumo wa redio ya nyumbani hukatika na kurudi, kwa sababu wimbi tupu lisilobeba sauti huizibia redio ile ikasikika kama imenyamaza. Mvumo usipobadilika popote masafa hayo yanapopekuliwa, wimbi halitengenezwi, na fundi anajua pa kuchimba.

Upande wa kutuma una nidhamu nyingine, na kosa lake linagharimu. Transista ndogo za BS170, ambazo QCX hutumia tatu kwa pamoja, huweza kufa zikitumiwa bila mzigo, yaani bila kitu cha kupokea nguvu mahali pa antena. Kwa hiyo, kabla ya antena, huundwa mzigo wa bandia: rezista 20 za kilo-omu 1, zenye uwezo wa robo wati kila moja, hufungwa bega kwa bega, na zikiungana zinafanya omu 50, ambazo ndizo redio inazozitarajia, na uwezo wa wati 5 kamili. Dayodi moja na kapasita moja ndogo zikiongezwa juu yake, multimita ya kawaida inaweza kusoma kilele cha volti za wimbi, na hesabu ni nyepesi: volti hizo huzidishwa zenyewe kwa zenyewe, kisha hugawanywa kwa 100. Multimita ikisoma volti 20, 20 mara 20 ni 400, na 400 kwa 100 ni wati 4. Nguvu ikiwa nusu wati badala ya nne, mara nyingi mizunguko ya koili za kichujio cha mwisho imekosewa, au transista moja imekufa na wenzake wanaibeba.

Kichujio hicho cha mwisho kisidharauliwe. Kazi yake ni kuzuia wimbi la megahezi 7 lisiondoke na wanawe wa megahezi 14, 21 na kuendelea, ambao huzaliwa ndani ya kila kitumaji na huenda kuwaudhi watu wengine. Uwanja wa ndege wa Luano uko jirani, na marubani wake wanategemea redio. Fundi anayeruka kichujio kwa kuwa hana waya wa kutosha hana udhuru wa kukubalika.

Antena, kwa bahati, ni sehemu rahisi kuliko zote. Waya wa mita 20 na kidogo, uliokatwa katikati na kulishwa hapo, kila mkono ukiwa mita 10 hivi, unatosha kwa megahezi 7. Ukiwa chini, mita 5 au 6 tu juu ya ardhi, hupeleka wimbi juu kabisa na kulirudisha ndani ya mkoa, na hilo ndilo linalotakiwa kwa kuongea na Likasi. Vichuguu vikubwa vya Annexe, pale ambapo havijageuzwa kuwa matofali, humpa fundi mita kadhaa za bure kwa ajili ya mti wa katikati. Mambo mawili ya tahadhari: shaba inayoning'inia hadharani ina wapenzi wengi, kwa hiyo waya mwembamba wenye ganda la rangi iliyofifia hudumu kuliko ule unaong'aa, na katika miezi ya mvua, kuanzia Novemba hadi Machi, antena huchomolewa na kutupwa nje ya nyumba kabla wingu halijafika, si baada ya radi ya kwanza.

Na kelele je? Msikilizaji atakayeunda redio hii ataiwasha saa moja jioni na kusikia mvumo mzito, akadhani amekosea tena. Pengine hajakosea. Chaja nafuu za simu, taa za LED na vidhibiti vya paneli za jua hutoa mawimbi machafu katika masafa haya haya. Namna ya kujua ni kuchomoa antena: mvumo ukiisha, unatoka nje na redio ni nzima, ukibaki vile vile, unatoka ndani, na kazi ya kutafuta inaanza upya. Na hapa délestage, yaani ukataji wa umeme kwa zamu, ambayo kila mtu wa Annexe ana haki ya kuilalamikia, humtendea mtu wa redio wema usiotarajiwa, maana shirika la umeme SNEL linapokata umeme mtaa mzima, chaja na taa hunyamaza pamoja, na redio ya betri husikia vituo ambavyo dakika moja kabla havikuwapo, mpaka jenereta na inveta za majirani zitakapoanza.

Limebaki jambo la kibali. Mawasiliano nchini yanaongozwa na sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020, na masafa husimamiwa na mamlaka ya udhibiti, ARPTC. Kutuma hewani kunahitaji kibali na herufi za utambulisho, ambazo kwa Kongo huanza kwa 9Q, kama zilivyo 9J kwa Zambia, 5H kwa Tanzania na 5Z kwa Kenya. Wakati wa ukoloni zilikuwa OQ5. Anayesubiri karatasi zake hana haja ya kuizima redio. Ule mzigo wa bandia wa rezista 20 humruhusu kupiga Morse, kupima nguvu na kurekebisha koili bila kuitumia antena, kwa kuwa takriban wati zote zinaishia kuwa joto juu ya meza. Na wawili wanaweza kukaa pamoja, mmoja akipiga na mwingine akiandika herufi anazozisikia, wakipokezana mpaka mikono izoee.